Fundi Mitambo Anajibu: Kodi ya Sensa Haijakwambia Ununue Sensa

Habari zenu wadau wa mitambo. Mwezi huu maswali mengi yamezunguka sehemu moja tu, kodi za sensa, yaani namba za hitilafu zinazotoka kwenye vile vifaa vya kupima presha, joto na mzunguko, ile taa ya njano inawaka, skrini inaandika namba, mashine inapunguza nguvu au inagoma kabisa, afu watu wanakimbilia dukani. Nimechukua machache, jingine nimelijibu kirefu sababu linawahusu wengi, mengine nimeyapitia haraka.

Shikamoo fundi. Naendesha ekskaveta ya tani 20 kwenye machimbo ya kokoto huku Lugoba. Mashine inaleta kodi 100-3 na taa haizimi. Fundi aliyekuja kasema sensa ya presha ya oili imekufa, tukanunua mpya, kodi ikabaki. Akasema hiyo ni feki, tukanunua nyingine kwa duka lingine, kodi bado ipo. Sasa anasema kontrolo boksi imeungua na bosi ameshaanza kuulizia bei. Oili ipo levo na injini inalia vizuri. Tufanyeje?
*Opereta, Lugoba*

Marahaba. Kwanza mwambie bosi hela ya kontrolo boksi (ndo hiyo kompyuta ya injini) aiweke kwanza, hatujafika huko hata kidogo.

Hiyo kodi ina namba mbili na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza inataja kitu kinachopimwa. 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji, 102 presha ya hewa inayotoka kwenye turbo, 157 presha ya dizeli kwenye reli (lile bomba linalolisha nozeli), 190 mzunguko wa injini. Namba hizi ni za mfumo unaoitwa J1939, mitambo mingi ya siku hizi inaongea lugha hiyo bila kujali imetoka kiwanda gani. Namba ya pili ndo inaitwa FMI, na hiyo ndo watu hawaisomi na hela nyingi zinapotelea hapo hapo. FMI inakwambia tatizo ni la aina gani: 0 ni kipimo chenyewe kimepanda kupita kiasi, 1 kipimo chenyewe kimeshuka kupita kiasi, 2 signali inayumba, 3 volti ya waya ipo juu mno, 4 volti ipo chini mno, 5 umeme haupiti au waya umekatika, 6 umeme unapita mwingi kuliko kawaida, mara nyingi ni shoti kwenda ethi (upande wa hasi).

Sasa tazama tofauti. Ingekuwa 100-1 ningekwambia zima mashine sasa hivi hapo ulipo usiisogeze hata mita moja, mana hapo kompyuta inasema presha ya oili imeshuka kweli na injini inakwenda kufa. Wewe umepata 100-3, hapo kompyuta haisemi chochote kuhusu oili, inasema volti ninayoiona kwenye huu waya haiwezekani. Ni malalamiko ya umeme. Wenzetu wenye Caterpillar wanaliona hili vizuri zaidi sababu injini yenyewe ikiwa na shida kodi inaanza na herufi E, E360 ni presha ya oili ya chini na E361 ni maji yamechemka, lakini 100-3 na 110-3 ni upande wa umeme. Hata hivyo usiridhike na injini kulia vizuri. Funga geji ya kupima presha kwa mkono kwenye mrija wa oili, stati, ilinganishe na kitabu cha injini yako. Dakika chache tu, na moyo wa kila mtu unatulia mkiwa mnashughulika na waya.

Sensa hiyo ina waya tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni ethi ya sensa, mmoja ni signali inayorudi. Sensa isiyo na shida inazungumza kati ya nusu volti na volti nne na nusu hivi, kompyuta ikiona waya wa signali umekwenda karibu na 5 inajua hiyo si presha tena, inaandika 3. Ikiona umekwenda karibu na sifuri inaandika 4.

Hapo sasa ndo pa kufanya kipimo ambacho hakina gharama. Weka swichi on bila kupiga stata, chomoa plagi ya sensa, chukua multimita, weka pini moja kwenye tundu la volti 5 na nyingine kwenye tundu la ethi upande wa waya unaotoka kwenye mashine. Ukipata kati ya 4.9 na 5.1 hivi hizo waya mbili ziko salama. Usipopata, pima hiyo ya 5 kwa chuma cha injini chenyewe, ikisoma 5 kwa chuma na haisomi kwa tundu la ethi basi ethi ya sensa imekatika njiani, na ethi ikikatika signali inapanda juu na inaleta 3 hiyo hiyo yako, na hapo ungeweza kununua sensa hadi mwakani. Kama volti 5 ipo, chukua kipande cha waya mwembamba unganisha tundu la signali na tundu la ethi (angalia vizuri usije ukaunganisha la volti 5 na ethi), subiri kidogo, tazama skrini. Kodi ikigeuka kutoka 100-3 ikawa 100-4, furahi, mana kompyuta imeuona waya ukienda chini, maana yake waya wote kutoka kwenye plagi mpaka kontrolo boksi ni mzima na boksi lenyewe ni zima. Tatizo litakuwa sensa au pini za plagi. Ikikataa kugeuka, inabaki 3 tu, signali imekatika sehemu au imegusana na waya wenye umeme, unaanza kuufuata waya.

Tahadhari moja. Injini nyingi zinauvuta waya wa signali juu zenyewe, ndo mana ukichomoa sensa unapata 3. Zipo zilizotengenezwa kinyume, ukichomoa unapata 4, na kwa hizo kipimo unakigeuza, unaunganisha volti 5 na signali utegemee kuona 3. Soma mchoro wa umeme wa injini yako kwanza ujue yako ni ipi.

Kwa kuwa mmebadilisha sensa mara zote hizo na kodi haijatikisika, mimi pesa yangu naiweka kwenye plagi. Hizi konekta za Deutsch zina kile kikabari cha plastiki kinachobana pini mbele, mara nyingi cha rangi ya chungwa au kijani, fundi akikitoa na bisibisi na asikirudishe, pini inakaa bila kushikwa. Ukisukuma plagi unasikia imelia ta! unaona imefunga vizuri, kumbe ndani pini moja imerudi nyuma milimita chache na haigusi kitu. Vuta kila waya taratibu kwa nyuma ukiwa umeshika plagi, unaokuja na mkono ndo huo. Chungulia na tochi ya simu pia, ukiona ukijani kwenye pini hiyo ni kutu ya shaba, maji yaliingia. Baada ya hapo fuata waya unapopita karibu na stata, karibu na egzosi na kila penye klipu iliyovunjika, machimbo ya kokoto yana vumbi linalosaga, waya ukiwa unatikisika kwenye chuma huku vumbi limejaa katikati ganda linaisha taratibu bila mtu kuona.

Kontrolo boksi linakufa, sikatai, ila ni la mwisho kabisa kulaumiwa, na kabla hujalilaumu pima umeme na ethi zinazolilisha.

Fundi habari za kazi. Greda letu limefanya kazi fresh msimu mzima, Jumamosi limeoshwa na mashine ya presha, Jumatatu likawaka na kodi nne kwa wakati mmoja: 100-4, 102-4, 157-4 na 3509-4. Injini haina nguvu. Kuna mtu ametupigia hesabu ya sensa zote tatu. Ni kweli zinaweza kufa zote siku moja?
*Msimamizi wa saiti, Njombe*

Msimamizi, hapana, na umefanya vizuri sana kuandika kodi zote badala ya ile ya juu tu. Ya maana hapo ni 3509. Hiyo ni volti 5 ya kulishia sensa, na FMI 4 inasema imeshuka. Kompyuta haimpi kila sensa umeme wake, inatoa njia moja ya volti 5 inayogawanyika kwa sensa kadhaa, ni kama tenki moja linalolisha nyumba nne, bomba likipasuka kwa jirani wote mnakosa maji. Sensa moja ikipiga shoti au plagi yake ikijaa maji, volti 5 inaanguka kwa wote na kila mmoja anapiga kelele 4.

Kwa hiyo weka swichi on, multimita ikae kwenye volti 5 na ethi kwa plagi moja mnayoifikia kirahisi, afu mwenzio achomoe sensa moja moja zinazotumia njia hiyo (mchoro utawaonyesha zipo zipi, na zipo zingine msizotegemea ziko humo humo). Mtakapochomoa yenye shida mtaona volti inaruka ghafla kutoka moja au mbili hadi 5. Mmemaliza, hiyo ndo mwizi. Mkichomoa zote na volti bado ipo chini, shoti ipo kwenye waya.

Kwa kuwa mliosha, anzeni na plagi zinazotazama juu, kausheni na hewa ya kompresa kwa presha ndogo, angalieni zile mpira za kuzuia maji kama zipo zote, na tundu lisilotumika kwenye plagi liwe na kizibo chake. Na tafadhali waambieni vijana wa kuosha: bomba la presha halielekezwi kwenye plagi, kontrolo boksi wala altaneta. Nalisema hili kila mwaka na nitaendelea kulisema sababu greda zuri linalazwa chini kwa ajili ya kuoshwa.

Sasa fundi. Mimi ni operator wa rola hapa Kitui. Code 190-2 inatokea tu nikiwasha vibration, nikizima inapotea. Mechanic akija na laptop haioni kitu active. Nifanye nini?
*Rola, Kitui*

Umeshajibu nusu. Kinachokuja na mtikisiko ni kitu kilicholegea. 190 ni mzunguko wa injini na 2 ni signali inayumba. Mwambie fundi asikae na laptopu ya kusoma kodi tu, afungue ukurasa wa data hai (vipimo vinavyobadilika papo hapo), injini iwe inazunguka bila vibration, wewe shika waya wa sensa ya spidi uutikise kidogo kidogo kuanzia kwenye sensa mpaka unapoingia kwenye mkusanyiko mkubwa wa waya, yeye aangalie namba ya mzunguko. Itakaporuka mkono wako uko juu ya ugonjwa. Jihadhari na feni na belti.

Usipoona kitu, zima injini, ifungue sensa uitazame ncha. Nyingi za hizi zina sumaku, zinakusanya unga wa chuma mpaka signali inachafuka. Futa, angalia ncha haijagongwa na meno ya gia, irudishe kwa nafasi inayosemwa na kitabu. Unga mdogo ni kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika na vidole, hiyo ni habari nyingine na inatoka ndani ya injini, usistati tena kabla hujajua vimetoka wapi.

Jambo fundi. Niko Kolwezi, nafanya kazi na tipa kubwa za mgodi. Tulichomelea bodi ya moja, baada ya hapo kodi 639 imeingia, dashibodi inawaka na kuzima, geji zote zinalala kisha zinaamka. Fyuzi zote ziko sawa. Umeme wa betri uko sawa.
*Fundi umeme, Kolwezi*

Jambo sana kaka. 639 ni mtandao wenyewe, ile njia ya waya mbili zilizosokotwa ambazo kompyuta za mashine zinaongelea, CAN. Geji zote zinalala pamoja sababu dashibodi haipati habari kutoka kwa injini, na si kwamba kila sensa ina shida.

Zima kila kitu, toa swichi kuu ya betri, nenda kwenye ile plagi ya mviringo ya pini 9 ya kufanyia dayagnosi, pima omu kati ya pini C na D. Njia hii ina rizista (kipande cha kuzuia umeme) mbili za omu 120, moja kila mwisho, zikiwa pamoja unatakiwa usome karibu 60. Ukisoma karibu 120, rizista moja haionekani, ama imetoka ama waya umekatika katikati ya njia. Ukisoma karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Ukisoma 40 kuna mtu ameongeza rizista ya tatu, hilo hutokea mtu anapofunga kifaa cha kufuatilia gari bila kuuliza. Ukipata 60 safi, washa swichi pima volti ya kila waya kwa ethi, waya mmoja utasoma juu kidogo ya 2.5 na mwingine chini kidogo ya 2.5. Mmoja ukisoma sifuri au ukisoma volti za betri umeshajua unakotafuta. Na kama zote ziko vizuri, chomoa kompyuta moja moja kutoka kwenye mtandao uone ni ipi ikitoka wengine wanarudi kuongea, mana kompyuta iliyopigwa na umeme wa kuchomelea inaweza kuishika njia nzima.

Na hapo kwenye kuchomelea naomba nikae kidogo, sababu hili linaua kompyuta nyingi kuliko uzee. Kabla ya kuwasha mashine ya weldi toa nyaya za betri, kwanza hasi, chomoa plagi za kontrolo boksi kama kitabu kinavyoelekeza, afu klempu ya ethi ya weldi ifungwe kwenye chuma kile kile unachochomelea, karibu kabisa na unapochomelea, rangi ikiwa imekwanguliwa. Ukiiweka upande wa pili wa mashine umeme wote mkubwa ule unatafuta njia yake mwenyewe, unapita kwenye beringi, unapita kwenye ethi za kompyuta. Kwenye tipa ni kawaida kabisa mtu kuning'iniza klempu kwenye chesi huku anachomelea bodi juu, na umeme unavuka kwenye pini na silinda za kunyanyulia. Angalia na silinda hizo kama hazijapata alama.

Fundi, bosi wetu anataka tuweke rizista kwenye plagi ya sensa ya joto la maji ili 110-0 isitokee tena, mana mashine inapunguza nguvu mchana na kazi hailipi. Kuna fundi kasema anaweza. Je, ni sawa?
*Dereva wa loda, Dodoma*

Si sawa na usikubali, na kama bosi anasoma hapa ninaongea naye moja kwa moja. Bosi, 110-0 ina FMI 0. Soma tena kule juu. Hiyo ni maji yamechemka kweli, kompyuta inapunguza nguvu ili isipasuke kichwa cha silinda. Ukiweka rizista kompyuta itaona joto zuri lisilobadilika huku injini inaungua, na siku hiyo hakuna taa itakayowaka mpaka utakapoona moshi. Hela unayoikwepa leo ni ya kusafisha rejeta.

Nendeni kwenye rejeta, nje kwanza. Loda linalofanya kazi kwenye vumbi linaziba mapezi ya rejeta na ya kupozea oili iliyo mbele yake, na katikati ya hizo mbili ndo uchafu unajificha hauonekani kutoka nje. Pulizieni hewa kutoka upande wa feni kwenda nje. Afu belti ya feni, kifuniko cha rejeta, themostati, na kiwango cha kulanti chenyewe kiangaliwe injini ikiwa imepoa.

Ingekuwa 110-3 au 110-4 tungeongelea sensa. Hii ya maji ina waya mbili tu, ndani ni kipande ambacho ukinzani wake unashuka joto likipanda. Ikikatika volti inapanda na kompyuta inadhani injini ipo kwenye baridi kali, ikipiga shoti inadhani inaungua. Mwenye Komatsu atakutana na hii ikiwa imeandikwa CA144 ya volti juu na CA145 ya volti chini, na Cummins wanaandika 144 na 145, namba zinafanana sababu hao wawili wana ubia kwenye injini, na kwa presha ya oili ni 135 na 141. Kwa hiyo usishtuke fundi mmoja akisema 110-4 na mwingine akisema CA145, wanaongea jambo lile lile.

Shikamoo. Nasoma ufundi wa mitambo mizito VETA hapa Mbeya, mwaka wa mwisho, wasichana tuko wachache. Sina hela ya mashine ya kusomea kodi. Nianze na vifaa gani, na je kuna njia ya kujua sensa inadanganya hata kama hakuna kodi? Na laptopu ni lazima?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Marahaba mdogo wangu, swali lako la katikati ndo swali bora la mwezi huu.

Vifaa: multimita nzuri inayopima volti na omu, hata ukinzani mdogo, bila kuyumba, pini nyembamba za kuingiza nyuma ya plagi ili upime bila kutoboa waya (waya uliotobolewa unaingiza maji, miezi kadhaa baadaye unakuwa ugonjwa mpya), vipande kadhaa vya waya mwembamba vyenye klipu, tochi, daftari. Na mchoro wa umeme wa mashine unayoishughulikia. Mchoro ndo wenye faida kuliko vyote, jifunze kuusoma sasa hivi ukiwa na walimu karibu, kaa nao mpaka uweze kuifuata waya moja kwa kidole kutoka sensa hadi kompyuta ukitaja kila plagi inayopitia.

Kuhusu sensa inayodanganya bila kodi. Hii inatokea, mana kompyuta inalalamika tu pale volti inapotoka nje ya mipaka, sensa ikisema uongo ndani ya mipaka kodi haiji au inakuja ya kitu kingine kabisa. Njia yake ni asubuhi. Mashine imelala usiku mzima, haijawashwa, weka swichi on bila kustati, soma data. Joto la maji, joto la oili, joto la hewa inayoingia na joto la dizeli, vyote vinatakiwa vifanane na hewa ya hapo nje, sababu chuma chote kimepoa sawa. Hapo Mbeya asubuhi ya Julai unaweza kukuta zote zinasoma kwenye 8, 9, 10 na moja inasema 31, huyo ndo muongo wako na hujagusa spana. Presha vilevile, injini haizunguki kwa hiyo presha ya oili isome sifuri au karibu kabisa, presha ya dizeli kwenye reli iwe imeshuka. Ile ya hewa ya turbo inategemea kompyuta inaonyesha vipi: ikionyesha presha kamili (yaani pamoja na ya hewa ya kawaida) basi injini ikiwa imezimwa ifanane na presha ya hewa ya mahali, ambayo Dar es Salaam ni kama kilopaskali 101 lakini Mbeya mjini, kwa kuwa mko kama mita 1,700 juu, ni karibu 83. Nasema hivi sababu mashine ikipandishwa kutoka Dar kuja huko watu wanaona 83 wanasema sensa imechoka. Haijachoka, ndo hewa ya Mbeya. Ikisoma 101 huko juu, hapo ndo uanze kuihoji.

Laptopu si lazima kuanzia. Mitambo mingi inaonyesha kodi na data hizo kwenye skrini yake yenyewe ukijua menyu ya huduma inaingiwaje, na kitabu cha opereta au cha fundi kinaonyesha. Kodi hai na kodi zilizohifadhiwa zitenganishe kwenye daftari, andika na saa za mashine zilipotokea, piga picha skrini kabla mtu hajafuta chochote. Ukiingia field mwambie msimamizi wako akupe mashine ambayo ni nzima uichukulie data ya asubuhi na data ya ikiwa inafanya kazi ya kawaida, uandike volti za kila sensa pia. Siku mashine ya aina hiyo ikiletwa na shida utakuwa na namba za nzima za kulinganisha, na hizo kwenye vitabu vingi hazimo.